Jinsi ya Kupakia Yogi's Great Escape Kutoka Kaseti Kwenye ZX Spectrum Bila Kuishia na "R Tape loading error"

Kisa huwa ni kile kile. Mtu amenunua ZX Spectrum iliyotumika, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 inayosoma programu kutoka kaseti, na imekuja na kaseti ya mchezo wa Yogi's Great Escape. Anaandika LOAD "", anabonyeza PLAY, anakaa dakika tatu akitazama mistari ya rangi ikicheza, kisha skrini inamwandikia R Tape loading error. Anarudisha kaseti mwanzo. Anaongeza sauti, anapunguza, anakaza skrubu asiyoijua kazi yake, na baada ya saa mbili anatangaza kwamba kompyuta ni mbovu.

Mara nyingi kompyuta haina neno. Tatizo ni kwamba amegusa vitu vitatu kwa mpigo, kwa hiyo hata akipatia hajui kipi kimemsaidia, na akikosea hajui arudi wapi. Watuhumiwa ni watatu: kaseti, redio na kompyuta. Hapa tutawahoji mmoja mmoja, na hatuendi hatua inayofuata kabla ya iliyotangulia kukubali.

Kwa asiyeujua mchezo: ni wa kuruka na kukwepa, wa mwaka 1990 kutoka Hi-Tec Software, na mhusika ni Yogi, yule dubu wa katuni za Hanna-Barbera, anayetoroka hifadhi ya Jellystone kuelekea New York. Hatua zilizopo hapa zinafaa kwa karibu kaseti yoyote ya Spectrum.

## Vitu vya kuandaa

- ZX Spectrum ya 48K, Spectrum+ au 128. Ukiwa na +2 ya kijivu, deki yake iko ndani, kwa hiyo habari za waya hazikuhusu, ila usafi na skrubu vinakuhusu.
- Adapta ya volti 9 DC, ampea 1.5 au zaidi, katikati hasi.
- Mita ya umeme, hata ile ya bei rahisi.
- Runinga inayopokea analojia.
- Redio kaseti ya mono yenye matundu ya EAR (ya kutoa sauti) na MIC (ya kuinasa). Walkman haifai: sauti yake ni dhaifu na hainasi.
- Nyaya mbili za jeki ya 3.5 mm, mono pande zote.
- Kaseti moja tupu ya kawaida, si ya chrome.
- Spiriti, pamba za masikio, kalamu ya Bic, rangi ya kucha, na bisibisi ndogo ya nyota isiyo na sumaku.

Usianze ukikosa mita au kaseti tupu. Hizo mbili ndizo watu huziruka, na ndizo zinazookoa muda.

## Hatua ya 1: Umeme na picha

Pima adapta kabla ya kuichomeka. Waya mweusi wa mita uguse ndani ya ncha, mwekundu nje. Namba ikitoka bila alama ya kutoa, katikati ni hasi na uko salama. Adapta ya asili ya Sinclair inaweza kusoma volti 12 au zaidi ikiwa haijabeba mzigo. Hilo ni la kawaida, hushuka ikianza kazi.

Onyo: adapta ya router iliyobaki kabatini inaingia vizuri kabisa kwenye tundu, na hapo ndipo penye hatari. Nyingi zina chanya katikati, na nyingine ni za volti 12. Ya kwanza inaweza kuua kompyuta mara moja, ya pili inaichemsha polepole.

Msomaji wa Kenya au Tanzania ana bahati hapa: plagi ya pini tatu za mraba na umeme ni kama vya Uingereza, na runinga za analojia zilikuwa za PAL vilevile. Huhitaji transfoma. Tafuta picha kwenye UHF, chaneli ya 36 au jirani yake. Sauti ya 48K haipiti kwenye runinga, inatoka kwenye kispika kidogo ndani ya kompyuta, kwa hiyo runinga ikiwa kimya usihangaike.

Spectrum ya 48K haina swichi. Kuwasha ni kuchomeka, kuzima ni kuchomoa.

Ukifanikiwa utaona: skrini nyeupe na chini yake maandishi © 1982 Sinclair Research Ltd. Kwenye 128 utaona menyu. Chagua 48 BASIC kwa majaribio yote yafuatayo. Ukiona viboksi vya rangi au mistari iliyoganda, acha. Huo ni ugonjwa wa kompyuta yenyewe, na kaseti haitautibu.

Sasa hakikisha kumbukumbu iko kamili. Andika:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

PRINT ni kitufe cha P. PEEK unaipata kwa kubonyeza CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT pamoja, alama inayomweka ikigeuka E, bonyeza O. Jibu liwe 65535. Likitoka 32767 una mashine ya 16K, au ya 48K iliyopoteza sehemu ya juu ya kumbukumbu. Vyovyote vile Yogi hataingia, na ni heri kujua sasa.

## Hatua ya 2: Kibodi na joystick

Mchezo wa kuruka bila kitufe cha kuruka ni picha ya ukutani. Kabla hujasubiri dakika tano za kupakia, bonyeza vitufe vyote kimoja kimoja.

Vikifa vitano kwa pamoja, kwa mfano 1 hadi 5 au Q hadi T, si vitufe vilivyokufa. Ni utepe wa plastiki unaounganisha kibodi na bodi. Ukizeeka hukauka na kupasuka, na haushonwi wala haugundishwi. Nunua utando mpya wa kibodi.

Ukitumia joystick ya Kempston (aina ya kiunganishi cha joystick kinachochomekwa mgongoni mwa kompyuta), andika PRINT IN 31. IN inapatikana kwa CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT pamoja, kisha SYMBOL SHIFT na I. Joystick ikiwa imetulia jibu ni 0. Ukishikilia kitufe cha kufyatua na kubonyeza ENTER, jibu ni 16.

Onyo: usichomeke wala kuchomoa kifaa chochote mgongoni mwa kompyuta ikiwa na umeme. Kikikaa upande kwa sekunde moja tu kinaweza kuunguza chipu.

## Hatua ya 3: Kaseti yenyewe

Itazame kwenye mwanga. Madoa meupe kama unga kwenye ukingo wa utepe ni ukungu. Ukiipiga hivyo, ukungu unahamia kwenye hedi ya redio, kile kipande cha chuma kinachosoma utepe, na kuambukiza kaseti zako nyingine.

Kisha angalia kipande kidogo cha kitambaa katikati ya mdomo wa kaseti, kile kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake huzeeka na kitambaa kinadondoka. Bila hicho sauti inapanda na kushuka, na hakuna skrubu wala kitufe cha sauti kitakachokusaidia. Hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu.

Zungusha gurudumu kidogo kwa kalamu ya Bic, kama tulivyofanya na kaseti za taarab. Likigoma, usilazimishe, gonga ganda taratibu kwenye kiganja. Likikubali, peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo mara moja. Utepe uliolala miaka mingi hushikana, na safari hiyo moja inaulegeza.

## Hatua ya 4: Safisha redio

Lowesha pamba kwa spiriti, futa hedi mpaka pamba itoke nyeupe, kisha futa kijiti cha chuma kinachovuta utepe. Roli ya mpira ifute kwa pamba yenye maji na sabuni kidogo, kwa kuwa spiriti nyingi hukausha mpira. Ngoja dakika kumi vikauke.

Halafu cheza kaseti yoyote ya muziki unaoujua. Sauti ikiyumba kama mwimbaji aliyelewa, mkanda wa mpira ndani ya redio umelegea. Badilisha mkanda kwanza. Kompyuta hii inapima muda tu, haisikilizi chochote kingine, na redio yenye mwendo wa kuyumba inaipa muda wa uongo.

## Hatua ya 5: Jaribio la jambo

Hii ndiyo hatua inayotenganisha watuhumiwa. Tunaiuliza kompyuta na redio kama zinaelewana, bila Yogi kuwepo.

Andika programu ya mstari mmoja:

10 PRINT "JAMBO"

Chomeka waya kutoka MIC ya kompyuta kwenda MIC ya redio. Waya wa EAR uchomolewe. Zikiwepo zote mbili, redio nyingi hurudisha sauti kwa kompyuta inayoituma, na unachonasa kinakuwa kelele.

Weka kaseti tupu, andika SAVE "jambo", bonyeza ENTER. Kompyuta itasema Start tape, then press any key. Bonyeza RECORD na PLAY pamoja, ngoja sekunde tano ili utepe mweupe wa mwanzo upite, kisha bonyeza kitufe chochote.

Rudisha kaseti. Chomoa MIC, chomeka EAR kwa EAR. Sauti iwe robo tatu, treble juu kabisa, bass chini kabisa. Andika NEW, ENTER, kisha LOAD "". LOAD ni kitufe cha J, alama za nukuu ni SYMBOL SHIFT na P, mara mbili. ENTER, halafu PLAY.

Ukifanikiwa utaona: Program: jambo, kisha 0 OK, 0:1. Bonyeza R kwa RUN, ENTER, na JAMBO itajiandika. Kompyuta, waya na redio vimeachiwa huru. Kama Yogi bado anagoma, tatizo ni kati ya kaseti yake na pembe ya hedi yako.

Isipofanikiwa, usiguse hedi. Panda na shuka na sauti kidogo kidogo, ukirudia kila mara kutoka mwanzo. Ikikataa kote, badilisha waya. Jeki ya stereo kwenye matundu haya ya mono ni kosa la kawaida, na kwa macho waya huo unaonekana mzima kabisa.

## Hatua ya 6: Pakia Yogi, na usome ukingo wa skrini

Weka kaseti ya Yogi, irudishe mwanzo kabisa, LOAD "", ENTER, PLAY. Sasa usiende kupika chai. Tazama ukingo wa skrini, kwa sababu kila kinachotokea kwenye utepe kinaonekana pale.

Kwanza unasikia mluzi mmoja ulionyooka, wa takribani hezi 800. Ukingo unajaa mistari mipana myekundu na ya samawati, inayopanda au kushuka taratibu. Mluzi huu hudumu kama sekunde tano na kazi yake ni kuiamsha kompyuta. Kisha inapita michirizi myembamba ya buluu na njano kwa muda mfupi sana: hizo ni baiti 17 zinazotaja jina na ukubwa wa kitu kinachofuata. Jina linaandikwa kwenye skrini. Unafuata mluzi mfupi zaidi, halafu buluu na njano kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo mali yenyewe.

Mchezo ukiwa na picha ya kufungulia, utaiona ikijichora kwa theluthi tatu, kwanza bila rangi, kisha rangi zinamwagika zote mwishoni. Picha hiyo ni baiti 6,912. Ikitoka safi, una haki ya kutabasamu, lakini usisogeze chochote bado.

Mambo yakiharibika, soma hivi:

Ukingo hautikisiki kabisa. Sauti haifiki. Angalia tundu, waya, kiwango cha sauti. Redio nyingine hukata spika jeki ikiingia, kwa hiyo ukimya peke yake si dalili.

Nyekundu na samawati zipo, jina halitokei. Mluzi unasikika lakini data imefifia. Jaribu sauti ngazi tatu juu na tatu chini. Bado? Nenda hatua ya 7.

Jina limetokea, kisha kosa katikati. Hapa shika saa, au kaunta ya redio. Rudia mara tatu uandike namba. Likikatika mahali pale pale kila mara, utepe una jeraha mahali hapo. Likikatika kila mara mahali tofauti, utepe ni mzima. Chunguza uchafu, mkanda na pembe ya hedi. Jaribio hili la dakika kumi na tano limewaokoa watu wengi wasitupe kaseti nzima.

Kompyuta inarudi kwenye © 1982 bila kusema neno. Michezo mingi ina kipakiaji chake chenyewe, wakati mwingine chenye rangi tofauti na hizi. Kikikosea hakiandiki kosa, kinajizima tu. Ichukulie kama kosa la katikati.

Na kwa nini biti moja ikipotea kila kitu kinakataliwa? Mwisho wa kila fungu kuna baiti moja ya kuhakiki, inayopatikana kwa kuchanganya baiti zote zilizotangulia. Isipolingana, kompyuta inatupa fungu zima. Haijui kosa liko wapi, kwa hiyo haina la kurekebisha.

## Hatua ya 7: Skrubu ya hedi

Umefika hapa kwa sababu jambo imekubali na Yogi amekataa. Vinginevyo rudi juu.

Biti ya sifuri kwenye utepe huchukua kama nusu milisekunde, ya moja karibu milisekunde nzima. Kwa sikio, sifuri ni sauti ya hezi 2,000 hivi, moja ni ya 1,000. Hedi ikiinama hata kidogo, sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza. Sifuri zinafifia, moja zinabaki. Jambo ilikubali kwa sababu ilinaswa na kusomwa na hedi ile ile, kwa pembe ile ile iliyopinda. Yogi alinaswa kiwandani, kwa pembe nyingine.

Fungua mlango wa kaseti, bonyeza PLAY bila kaseti. Kando ya hedi kuna skrubu mbili. Yenye springi chini yake ndiyo ya pembe. Nyingine imeshikilia hedi, usiiguse. Redio nyingi zina tundu dogo usoni ambalo bisibisi hupita kaseti ikiwa inacheza.

Piga mstari wa kalamu kuonyesha skrubu ilipoanzia. Usiuruke mstari huu. Ndio njia yako ya kurudi nyumbani.

Chomoa EAR ili spika isikike, cheza kaseti ya Yogi mpaka ipite mluzi na kuingia kwenye makelele ya data. Zungusha skrubu kwa sehemu ya nane ya mzunguko. Sikiliza ukali, si ukubwa. Pembe ikiwa mbaya, data inasikika kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Ikikaribia sawa, blanketi linaondoka na sauti inachoma masikio. Pita kidogo mpaka ianze kufifia tena, kisha rudi katikati ya ukali.

Onyo: usizidi nusu mzunguko upande wowote. Kama hujasikia tofauti yoyote, unazungusha skrubu isiyo yenyewe.

Chomeka EAR, pakia tena. Hapa wengi hukubaliwa kwa jaribio la kwanza au la pili. Usishtuke kaseti ya jambo ikianza kugoma: ilinaswa kwa pembe ya zamani. Inase upya.

Ukifanikiwa utaona: mchezo umeanza wenyewe au menyu imetokea. Simamisha redio, andika namba ya kaunta kwenye karatasi ya kaseti, kisha chagua Kempston au vitufe kulingana na ulichojaribu hatua ya 2. Weka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili mtikisiko usiizungushe.

## Hatua ya 8: Nakili kabla kaseti haijachoka

Kila unapoipiga unakwangua kidogo. Ikishakubali, siku hiyo hiyo inase kwenye kompyuta ya kisasa kwa Audacity, programu ya kunasa sauti: mono, biti 16, hezi 44,100. Hakikisha mawimbi hayagongi dari. Hifadhi kama WAV, kamwe si MP3. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la mtu halizihitaji, na Spectrum haina sikio la mtu.

Baadaye unaweza kupakia kwa simu. Weka hali ya ndege ili mlio wa WhatsApp usiingie katikati ya baiti, zima ekwalaiza na kila kiboresha sauti, pandisha sauti hadi mwisho. Simu hutoa stereo, kwa hiyo tumia waya uliotengenezwa kugeuza stereo kuwa mono. Simu zenye sauti ndogo hugoma hata hivyo. Kikuza sauti kidogo cha hedifoni humaliza ugomvi huo.

Nakala ikipakia mara mbili mfululizo bila kosa, rudisha kaseti ya Yogi kwenye boksi lake, isimame wima, mbali na jua na mbali na spika.